Mtoto Mchanga Nyumbani: Shule ya Imani na ya Haki

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na wajumbe wa Kamati ya Haki na Amani ya parokia)

Mliponiomba nitoe mada juu ya haki na amani katika familia, pengine mlitazamia kwamba ningekuja na vitabu vingi. Vitabu vipo, na baadhi yake nitavitaja. Lakini mwalimu wangu mkuu katika jambo hili hajafikisha hata miaka miwili. Ni kifungua mimba wetu, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi tisa, ambaye asubuhi ya leo ameumwagia uji ukurasa wa kwanza wa mada hii.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka sita nimekuwa mjumbe wa Kamati ya Haki na Amani hapa parokiani. Nimesimama mbele yenu mara nyingi nikisema juu ya rushwa, migogoro ya mashamba na uchaguzi. Leo nitasema juu ya nyumba yangu mwenyewe, wala si kwa kujisifu. Sehemu ya mada hii ni ungamo. Kabla ya kulitamka hadharani nimeomba ruhusa kwa mke wangu, na kwa mtu mwingine mmoja ambaye mtamsikia huko mbele.

1. Kanisa la nyumbani

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Lumen Gentium ya mwaka 1964, uliifananisha familia na Kanisa la nyumbani. Papa Paulo VI alipounda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani mwaka 1967, alitaka Wakristo wasiseme tu juu ya upendo bali waamke waone mahali haki inapokosekana. Kisha Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilipokutana Roma mwaka 1994, ilichagua kulitazama Kanisa kama Familia ya Mungu, na Papa Yohane Paulo II akalikazia jambo hilo mwaka 1995 katika waraka wake Ecclesia in Africa.

Maneno haya tumeyazoea, na jambo likizoeleka huacha kutushtua. Tukisema kwamba Kanisa ni familia, mtu anayo haki ya kutuuliza: familia ya namna gani? Ikiwa katika nyumba zetu mkubwa hula nyama na mdogo huachiwa mchuzi. Ikiwa mmoja hulala kitandani na mwingine jikoni. Ikiwa sauti ya mmoja ni amri na ya mwingine ni usumbufu, je, ndivyo tunavyotaka Kanisa liwe? Hatuna budi kuitengeneza familia kwanza, ili mfano huo uwe na maana.

2. Kilio si kelele

Mtoto wetu alizaliwa mwezi wa Januari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa baba likizo isiyopungua siku tatu ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Nami nilizichukua. Siku ya kwanza nilipokea hongera, siku ya pili nilinunua vitu, siku ya tatu nilipokea hongera nyingine. Mke wangu, aliyekuwa na uchungu mwilini na usingizi machoni, hakunilaumu.

Mtoto mchanga hana lugha nyingine ila kilio. Hajui kubembeleza, hajui kungoja, wala hajui kwamba baba ana kipindi saa mbili asubuhi. Katika majuma yale ya kwanza alilia saa nane za usiku, akanyonya, akalala, akalia tena saa kumi. Usiku mmoja nikasema kwa hasira, “Huyu anataka nini tena?” Mama mkwe, aliyekuja kumtunza mzazi, alikuwa amejilaza kwenye mkeka pembeni. Akanijibu kwa upole, “Baba, mtoto huyu hakusumbui. Anakuambia.”

Neno hilo lilinikaa moyoni. Kilio kilekile, kwangu kilikuwa kelele, kwake kilikuwa habari. Yeye alisikia njaa, au baridi, au tumbo linalosokota; mimi nilisikia usingizi wangu unaovunjwa.

Tukifungua Kitabu cha Kutoka, sura ya tatu, tunamkuta Mungu akimweleza Musa kwamba ameyaona mateso ya watu wake na kukisikia kilio chao. Farao alikuwa amekisikia kilio hichohicho kwa miaka mingi. Kwake kilikuwa uvivu wa watumwa, na dawa yake ilikuwa kuwaongezea kazi. Tofauti kati ya Mungu na Farao inaanzia sikioni. Naye nabii Isaya, katika sura ya arobaini na tisa, anapotafuta mfano wa uaminifu wa Mungu, hauchukui kwa wafalme wala kwa majeshi. Anauchukua kwa mama anayenyonyesha, ambaye si rahisi amsahau mtoto wa tumbo lake. Na hata huyo akisahau, Mungu hasahau.

Basi hili ndilo somo la kwanza nililofundishwa na mtoto: haki huanza pale tunapoacha kukiita kilio cha mnyonge kelele.

3. Mizani ya kliniki

Mwezi wa pili, mke wangu alipokuwa na homa, nilimpeleka mtoto kliniki mimi mwenyewe. Kwenye benchi lile refu nilikuwa mwanamume peke yangu. Akina mama walicheka kidogo, kisha mmoja akasogea akanipa nafasi. Nilikaa hapo saa mbili nzima nikaangalia.

Mizani ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti ya kibaraza. Kabla ya kila mtoto nesi alihakikisha kwamba mshale umerudi kwenye sifuri. Akapimwa mtoto wa mwenye duka, aliyevikwa soksi na kofia, na kabla ya kupimwa soksi na kofia vikavuliwa. Baada yake akapimwa mtoto wa mama anayeponda kokoto kule mlimani. Mshale ukarudi kwenye sifuri. Haukuuliza baba yake ni nani.

Nikakumbuka Methali, sura ya kumi na moja, mahali palipoandikwa jinsi Bwana anavyoichukia mizani ya udanganyifu. Tumezoea kuyasoma maneno hayo tukiwafikiria wafanyabiashara wa mahindi na kahawa. Lakini kila mtu anayo mizani moyoni mwake, na wengi wetu haturudishi mshale kwenye sifuri. Mtu mmoja tunampima tukiwa tumekwisha kumwongezea, na mwingine tukiwa tumekwisha kumpunguzia.

Hata hivyo niliona na jambo la pili. Mtoto wa yule mponda kokoto alikuwa na uzito mdogo kupita wote. Nesi hakumwambia mama arudi nyumbani kwa kuwa wote wamepimwa sawa. Alimweka kando, akakaa naye muda mrefu kuliko sisi wengine, akamwuliza anakula nini yeye mwenyewe, akampangia siku ya kurudi mapema. Mizani ilikuwa moja kwa wote, lakini uangalizi ulikuwa mwingi zaidi kwa aliyepungukiwa. Nadhani hiyo ni tafsiri sahihi ya haki ya Kikristo kuliko nyingi nilizowahi kuzitoa katika semina.

4. Jina na cheti

Siku ya ubatizo tunaulizwa swali la kwanza: mtoto huyu mmempa jina gani? Kanisa linaanza na jina kwa sababu Mungu humwita kila mtu kwa jina lake. Na Mwinjili Luka anatukumbusha kwamba Bwana wetu alizaliwa safarini, wazazi wake wakiwa wamekwenda kuandikishwa.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka kila mtoto aandikishwe mara baada ya kuzaliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamhakikishia mtoto haki ya kuwa na jina na uraia. Huenda mtu akasema, karatasi ni karatasi tu, mtoto atakua hata bila karatasi. Ni kweli atakua. Lakini siku atakapotokea mtu wa kumwoza kabla ya wakati, au kumwajiri kabla ya umri, nani atathibitisha kwamba bado ni mtoto? Mtoto asiye na cheti anaweza kuongezewa miaka na mtu yeyote anayenufaika kwa kumwongezea.

Nilikuwa nayajua haya yote. Nilishughulikia cheti cha mtoto wetu mapema, nikakitia katika mfuko wa nailoni, nikakihifadhi sandukuni pamoja na cheti cha ndoa. Wakati huohuo chini ya paa langu alikuwako mtoto mwingine ambaye sikuwa hata nimemwuliza alizaliwa lini.

5. Mtu wa nne nyumbani

Sasa nafika mahali pa ungamo.

Mke wangu ni karani. Sheria humpa mama aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84 yenye malipo, na arudipo kazini, muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Mwezi wa Machi siku za likizo zilikuwa zinakaribia kwisha. Mama mkwe alikuwa amerudi kwake kwa ajili ya palizi. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nasi tukautafuta mkono wa pili. Jamaa mmoja akatuletea binti kutoka kijijini. Jina lake silitaji, ni mali yake. Alikuwa amemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia, naye alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Tulijiambia kwamba tunamsaidia, na nadhani kila nyumba yenye binti wa namna hiyo hujiambia hivyo. Kwao ni maskini; kwetu atakula, atavaa, atajifunza kazi. Mshahara wake tulisema tunamtunzia. Hatukuandika mahali popote kwamba tunatunza kiasi gani. Aliamka saa kumi na moja kuwasha jiko, akachemsha maji, akafua nepi, akambeba mtoto mchana kutwa, akapika, akaosha vyombo, akalala wa mwisho kwenye mkeka jikoni. Jumapili sisi tulikwenda Misa ya kwanza na yeye akabaki na mtoto. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu yeye alikuwa jikoni akitengeneza chai. Hakuna mjumbe aliyeuliza kwa nini hakai nasi kwenye mduara. Silaumu; nami katika nyumba zenu sikuuliza.

Na usiku mtoto alipolia, kidogo kidogo mimi niliacha kuamka. Kisha na mke wangu, kwa kuchoka, akawa anaamka kumnyonyesha tu, na kumbembeleza hadi alale tena ikawa kazi ya binti. Nilikuwa nimejifunza kukisikia kilio, kisha nikampa mtu mwingine akisikie kwa niaba yangu.

Mwezi wa Juni Kamati yetu iliandaa semina juu ya haki za mtoto. Baadhi yenu mnaikumbuka. Usiku wa maandalizi nilichelewa, nikarudi nyumbani kama saa tano, umeme ukiwa umekatika. Nilifungua mlango polepole, nikawasha tochi. Ukumbini binti alikuwa amesimama, amemfunga mtoto mgongoni kwa kanga, bega lake limeegemea ukuta, macho yamefumba. Alikuwa amelala akiwa amesimama, na mkono wake ulikuwa ukiendelea kumpigapiga mtoto mgongoni, taratibu. Mtoto alikuwa macho. Aliniangalia, hakulia.

Kwapani nilikuwa na bahasha ya karatasi za semina. Ukurasa wa juu niliuandika mwenyewe, na ulihusu ajira ya watoto.

Mwanga wa tochi ukamwamsha. Akashtuka, akapiga goti, akasema, “Shikamoo, baba. Naomba unisamehe, nilisinzia.”

Ndugu zangu, nimekwisha kusikia mahubiri mengi makali katika maisha yangu. Hakuna lililonipiga kama kuombwa msamaha na mtoto niliyekuwa ninamkosea.

6. Wasichana wawili wa Maandiko

Sikulala usiku ule. Nilifungua Biblia, nikamtafuta mtoto ndani ya kikapu katika Kutoka, sura ya pili. Hadithi hiyo tunaijua: Musa akiwa kando ya mto, binti Farao anakuja kuoga. Lakini safari hii nilimwona mtu ambaye nilikuwa nikimpita kila mara. Ni dada yake mtoto, msichana mdogo, aliyesimama mbali kidogo akimlinda. Wokovu wa Israeli ulipitia katika macho ya msichana mlezi. Tena nikaona jambo la kuniaibisha. Binti Farao, aliyekulia katika nyumba ya mdhalimu, alipompa mwanamke kazi ya kumnyonyesha mtoto yule, aliahidi kumlipa ujira wake. Katika nyumba ya Farao kazi ya kulea ililipwa. Katika nyumba ya mjumbe wa Haki na Amani ilikuwa “inatunzwa”.

Wa pili yumo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tano. Jemadari Naamani alikuwa na heshima, na vita alivishinda, lakini alikuwa na ukoma. Aliyejua dawa ya ugonjwa wake alikuwa msichana mdogo aliyetekwa, mtumishi wa mkewe. Maandiko hayakututajia jina lake. Neno lake moja dogo ndilo lililomponya mkubwa. Nami nilikuwa nimevaa sare ya heshima parokiani, na ndani ya nyumba yangu aliyejua ugonjwa wangu alikuwa yule anayefua nepi.

Mtume Yakobo naye anasema kwamba ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa unalia, na kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana. Kwa hiyo nyumbani kwangu vilikuwamo vilio viwili. Kimoja kilikuwa na sauti, na wote tulikikimbilia. Cha pili hakikuwa na sauti, na Mungu peke yake ndiye aliyekuwa akikisikia.

7. Tulilolifanya

Asubuhi nilimweleza mke wangu. Nilidhani atashangaa. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Nilikuwa najua. Niliogopa kulitaja, kwa kuwa likitajwa, ni mimi nitakayeacha kazi.”

Naomba akina baba mlisikie jambo hilo vizuri. Mara nyingi dhuluma kwa binti wa kazi hufichwa na hofu ya mama, na hofu ya mama husababishwa na baba aliyejitoa katika malezi. Nisingeweza kumtendea haki mtoto yule bila kwanza kumtendea haki mke wangu. Usiku huo tulikubaliana kwamba mimi nitaamka, na kwamba kazi yake yeye haitakuwa kafara.

Kisha tulimwita binti, tukamwomba msamaha, tukamwuliza yeye mwenyewe anataka nini. Hakujibu siku hiyo. Nadhani aliogopa kwamba ni mtego. Siku ya tatu, akiwa anachagua mchele, alimwuliza mke wangu bila kuinua macho, “Mama, kidato cha kwanza bado wanapokea?” Alikuwa amechaguliwa. Alikuwa amefaulu, jina lake lilibandikwa ubaoni, na nyumbani kwao hapakuwa na sare wala madaftari. Sisi, wenye kazi ya ualimu, hatukuwahi kumwuliza alipata nini katika mtihani.

Tulipiga hesabu ya miezi yote aliyofanya kazi, tukakopa katika chama cha kuweka na kukopa, tukamlipa yote mkononi. Nikasafiri naye hadi kwao. Wazazi walipotuona tukishuka, mama yake alijifunika uso kwa kanga akauliza, “Amekosa nini?” Ilinichukua alasiri nzima kuwaeleza kwamba mkosaji ni mimi. Sidhani kama walinisadiki sana. Mtoto wa maskini akirudishwa, dunia yote hufikiri kwamba ameiba.

Tangu mwaka 2016 ada katika shule za sekondari za serikali hadi kidato cha nne imefutwa. Lakini sare, madaftari na viatu havijafutwa, na kwa wengi hapo ndipo mlango hufungwa. Mkuu wa shule alikubali kumpokea pamoja na wanafunzi wa mwaka uliofuata. Katekista wa kigango chao aliisaidia familia kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Sisi tuliahidi kugharimia sare na vifaa hadi amalize kidato cha nne. Sasa yumo kidato cha kwanza. Ndiye niliyemwomba ruhusa ya kuwasimulia habari hizi, akaniandikia barua fupi. Alinikubalia kwa sharti moja, nisimtaje jina. Na mwishoni aliuliza kama mtoto ameanza kusema.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama mkwe alirudi kutusaidia kwa miezi mitatu. Baadaye tulimwajiri mama mtu mzima, kwa makubaliano ya maandishi, kwa mshahara wa kila mwezi anaoupokea mkononi na usiopungua kima cha chini kilichotangazwa na serikali, ambacho kinawahusu wafanyakazi wa majumbani pia. Jumapili ni siku yake. Gharama imepanda. Wanaopita njia ya kiwanjani kwetu wameona kwamba nyumba tuliyokuwa tunajenga imesimama kwenye msingi mwaka mzima. Haki ina bei yake, na afadhali kuilipa wenyewe kuliko kumlipisha mtoto wa mwingine.

8. Yatupasayo katika jumuiya zetu

Sitaki mtoke hapa mkisema, mwalimu ametusimulia hadithi ya kusikitisha. Natoa mapendekezo machache ya kutendwa.

Kwanza, kila familia ijiulize maswali matatu mezani: nani anaamka wa kwanza, nani analala wa mwisho, nani anakula wa mwisho? Ikiwa jibu la yote matatu ni mtu mmoja, hapo pana jambo la kuungama.

Pili, sheria ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Na mwenye umri huo aweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Viongozi waijue sheria hiyo, waieleze bila kutishana. Na pale mtoto anapookolewa kazini, asitupwe barabarani. Jumuiya imsindikize hadi mahali salama.

Tatu, jumuiya zetu huchanga upesi kwa msiba na kwa harusi. Tuchange pia kwa sare ya mtoto aliyechaguliwa akakwama. Tukifanya hivyo mwezi wa Januari, hatutapata mabinti wa kuwafanyisha kazi mwezi wa Machi.

Nne, wazazi wanapokuja kuandikisha ubatizo, katekista awaulize na cheti cha kuzaliwa. Asiwanyime sakramenti kwa kukikosa. Awaelekeze namna ya kukipata.

Tano, wenye maduka, mashine na ofisi miongoni mwetu, mheshimuni mama anayenyonyesha. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Ushauri huo hautekelezeki ikiwa mama anazuiliwa mlangoni.

Sita, wafanyakazi wa majumbani ni Wakristo wa jumuiya zetu, au ni majirani zetu wa dini nyingine. Wakae katika mduara. Chai inaweza kungoja.

9. Hitimisho

Wanafunzi walipowazuia watoto, Bwana Yesu alichukizwa, akawakumbatia. Injili haikusema kwamba aliwachagua watoto wa watu fulani. Hilo ndilo jambo ambalo mtoto wetu amenifundisha pasipo kujua. Nilimpenda sana, na upendo huo ulikuwa mwema. Lakini upendo unaoishia kwa mtoto wangu unaweza kumfanya mtoto wa mwingine kuwa chombo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na kila mwana ana mzazi.

Mtoto wetu bado hulia usiku mara mojamoja, meno yanapomsumbua. Mimi huamka. Wakati mwingine huamka kwa manung'uniko, sitawadanganya. Lakini ninapomzungusha ukumbini, nikipita pale kwenye ukuta ule, huwa nasali sala fupi: Bwana, unijalie kusikia na kile kisicho na sauti.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni vilio gani tumezoea kuviita kelele?
2. Someni Kutoka 2:1-10 na 2 Wafalme 5:1-5. Wasichana hawa wawili wanafanana na nani katika nyumba zetu?
3. Je, akina baba wa jumuiya yetu wanashiriki vipi katika malezi ya watoto wachanga? Ni nini kinachowazuia?
4. Je, katika eneo la jumuiya yetu yuko mtoto aliyechaguliwa kuendelea na masomo akakwama? Tutafanya nini kabla ya mwezi wa Januari?
5. Mizani ya mioyo yetu: ni nani tunayempima kabla ya kurudisha mshale kwenye sifuri?